Mita kwanza, osiloskopu baadaye: vifaa vya kupimia kwa wachezaji wa ESP32 na Arduino

Vijana wanaopita karakana kwangu hapa Ngamiani, Tanga, wakishaona bodi za ESP32 zimetapakaa mezani katikati ya kompresa na mitungi ya gesi, huuliza swali lile lile: "Fundi, ninunue osiloskopu ipi?" Nami huwauliza, una mita gani? Mara nyingi hutolewa begini ile multimita ya njano, DT830, nyaya zake zimeshaanza kukatika shingoni. Basi mazungumzo ya osiloskopu tunayaweka kando kwanza.

Kazi yangu ni majokofu na viyoyozi. Maikrokontrola, yaani vile vijikompyuta vya chipu moja kama ESP32 na vya bodi za Arduino, ni starehe ya usiku, ingawa siku hizi starehe yenyewe imeanza kunilipa: natengeneza kidude kinachopima joto la friza za samaki na kumtumia mwenye mali SMS friza likianza kuzidiwa. Ndani yake mna ESP32, sensa za DS18B20 zile zilizozibwa ndani ya kibomba cha chuma, na moduli ya SIM800L kwa ajili ya laini ya simu. Karibu kila kifaa ninachokitathmini hapa nimekitumia kwenye kidude hicho. Usitarajie maneno ya mtu wa maabara.

Kwa uzoefu wangu, bodi ikigoma unabaki na maswali mawili: umeme unafika inavyotakiwa? Data imepita au haikupita? La kwanza linajibiwa na mita, la pili na lojiki analaiza, kiboksi kinachorekodi 0 na 1 zinazopita kwenye waya. Swali la tatu, kwamba umeme huo una umbo gani, huja mara chache, na hilo ndilo la osiloskopu, mashine inayochora volti kwenye skrini. Pesa nayo ifuate mpangilio huo huo.

Nianze na hiyo ya njano, maana ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Kupima betri na kujua kama volti 5 zipo au hazipo, inatosha. Ila ujue unachonunua. DT830B haina hata mlio wa kupimia kama waya ni mzima. Ukiutaka mlio tafuta DT830D. Tundu la ampea 10 limeandikwa lenyewe "UNFUSED", yaani halina fyuzi, na maandishi hayo si pambo. Mimi siipeleki mita hiyo kwenye umeme wa ukutani hata kwa dawa, na mteja akiniona nafungua soketi nayo ana haki ya kunifukuza. Kwa umeme wa nyumbani nina mita nyingine yenye daraja la usalama la CAT III, na ile ya njano inaishi kwenye meza ya volti ndogo.

Kwa meza ya maikrokontrola, mita yangu ni UNI-T UT61E, ile ya zamani isiyo na alama ya kujumlisha. Skrini yake inahesabu mpaka 22,000, wakati ya njano inaishia 1,999. Kwa lugha ya kawaida, laini ya volti 3.3 kwenye ile ya njano inasomeka 3.30, kwenye hii 3.300. Unaweza kusema tarakimu moja ina faida gani. Faida yake utaiona ukitafuta njia ya bodi inayopoteza volti: unaweka ncha moja mwanzoni mwa njia na nyingine mwishoni, unasoma milivolti chache, na hapo hapo unajua lehemu mbovu iko wapi. Na upande wa mkondo mdogo inasoma mpaka sehemu ya mia ya maikroampea. Kasoro zake: skrini haina taa, kwa hiyo umeme ukikatika unashika tochi ya simu kwa meno, na inatumia betri ya volti 9, ambayo madukani kwetu nusu ya zinazouzwa zimelala rafuni mpaka zimechoka. Hata hivyo naipenda. Mwenye uwezo wa kununua UT61E+ mpya atapata na taa.

Hapo kwenye mkondo mdogo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapodanganywa na mita zao bila mita kuwa mbovu.

ESP32 ikiwa kwenye usingizi mzito (deep sleep), yaani imezima karibu kila kitu, chipu yenyewe hunywa takriban maikroampea 10. Kijana anasoma hivyo, ananunua bodi ya kujifunzia, anaifunga kwenye betri ya 18650 ya mAh 2,500, anategemea imkalie mwaka. Baada ya wiki na ushei imekufa. Ukipima unakuta bodi nzima inakula kama miliampea 10. Wala chipu haina kosa: rigleta (kidhibiti volti) ya AMS1117 iliyoko kwenye bodi nyingi hula karibu miliampea 5 bila kufanya kazi yoyote, taa nyekundu ya pawa nayo ina fungu lake, na chipu ya USB inadai la kwake. Gawanya 2,500 kwa 10 upate saa 250. Ukitoa taa na kuweka rigleta kama AP2112K, inayojichukulia maikroampea 55 tu, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Lakini bila mita inayosoma maikroampea utabaki unalaumu betri za Kichina.

Sasa ugumu wenyewe. Mita hupima mkondo kwa kuupitisha kwenye rezista ndogo iliyo ndani yake. Kwenye mkao wa maikroampea, mita nyingi huweka rezista ya kiasi cha omu 100. ESP32 ikiwa imelala, hakuna tatizo. Ikiamka na kuwasha Wi-Fi inataka mamia ya miliampea kwa kishindo, na kwenye omu 100 hizo mamia hayapiti. Bodi inazima, inawaka, inazima, na mpimaji anaapa programu yake ina hitilafu. Ukihamia mkao wa miliampea inaamka vizuri, lakini usingizi wake huuoni tena kwa usahihi. Ninachofanya ni kuunganisha nyaya mbili za mita kwa kibanio cha mamba, bodi inaamka kupitia kibanio, inamaliza kazi zake, inalala. Hapo nakiondoa kibanio na mkondo wote unapita kwenye mita. Nasoma. Kabla haijaamka tena narudisha kibanio. Ni kazi ya mikono miwili na saa ya ukutani, lakini haina gharama.

Asiyetaka sarakasi hizo yupo Power Profiler Kit II wa Nordic Semiconductor, bei yake kama dola 100 kabla ya usafiri. Unapima kutoka nanoampea 200 mpaka ampea 1, sampuli (vipimo) 100,000 kwa sekunde, na wenyewe unaweza kuilisha bodi yako volti 0.8 hadi 5. Nimeutumia wa rafiki yangu aliyeko Dar. Kwenye kompyuta unaona bodi ikiamka, ikitafuta mnara wa Wi-Fi, ikituma, ikilala, kama unavyosoma karatasi ya daktari wa moyo. Kama unatengeneza kitu cha betri cha kuuza, huu uununue kabla ya osiloskopu. Kama kidude chako kimechomekwa ukutani siku zote, achana nao.

Kifaa ninachokipa alama zote ni lojiki analaiza ya bei ndogo. Ni kiboksi kinachofichika kwenye kiganja, njia 8 za kupimia, kimeandikwa 24 MHz, yaani sampuli milioni 24 kwa sekunde, mimi nilikipata kwa shilingi 35,000. Ndani mna chipu ya CY7C68013A na vitu vingine vichache sana. Hakina hata programu yake, kinapewa na kompyuta kila ukikichomeka. Umbo lake limeigwa kutoka kwa Saleae, na wauzaji wengine wanakwambia utumie programu ya Saleae wenyewe. Usifanye hivyo. Kampuni ile imeandika programu yake kwa wanunuzi wa mitambo yake. Kuna PulseView ya mradi wa sigrok, ya bure na ya halali, inaelewa lugha zaidi ya mia moja ambazo chipu huzungumza: I2C, SPI, UART, 1-Wire, na hata sensa ya DHT22 ina mkalimani wake. Kwenye Linux unaisakinisha na kazi inaanza. Kwenye Windows lazima kwanza upite kwenye programu ndogo ya Zadig ukiwekee kiboksi draiva ya WinUSB, na hatua hiyo ndiyo inayowafanya watu wakirudishe dukani wakisema kibovu.

Nitoe mfano wa faida yake. Ghala moja la samaki lilikuwa na sensa iliyo mwisho wa waya mrefu, na kidude changu kikawa kinasema friza lina nyuzi 85. Friza lile lilikuwa limegandisha mpaka mlango. Anayeijua DS18B20 atacheka: 85 ni namba ambayo sensa huamka nayo kabla haijapima chochote. Ukiipata namba hiyo, ama sensa hukuipa muda wa kupima, ambao kwa biti 12 ni milisekunde 750, ama imepoteza umeme katikati ya kupima ikaanza upya. Ukipata -127 ni habari nyingine, hiyo ni maktaba ya Arduino inakwambia haikumsikia mtu. Mita haiwezi kukutenganishia mambo haya. Nilibana njia moja ya analaiza kwenye waya wa data nyingine kwenye waya wa umeme wa sensa, nikaona wazi: ESP32 inavuta laini chini kwa maikrosekunde 480, sensa inajibu ipo, inaamriwa ipime, halafu laini ya umeme inaanguka mpaka 0 kwa kitambo kidogo na kurudi. Kiunganishi kilikuwa kimeota kutu ya maji ya chumvi. Kazi ya robo saa, na nusu yake ni kuitafuta laptopu.

Ushauri wa kukitumia: usirekodi kwa 24 MHz kila kitu. Kiboksi hakina kumbukumbu, kila sampuli inapita USB moja kwa moja, na laptopu mzee yenye tundu la USB la kugawana (hub) itakata njiani. Kwa 1-Wire au I2C ya 100 kHz, 1 MHz inatosha na kubaki. Kwa upande wa juu, jiwekee sampuli nne angalau kwa kila mpigo wa saa (clock) ya chipu. Maana yake SPI ya 6 MHz ndiyo ukuta wako. Skrini ya rangi inayokimbia 40 MHz hutaiona, utaona vumbi. Chipu zinazozungumza kwa volti 1.8 nazo sahau, kwa kuwa kiboksi kinaanza kuamini kuwa ni "moja" kwenye volti 2. Na mwisho wake ni volti 5. Ukikigusisha kwenye volti 12 za relei unakiua, na USB ya laptopu inaweza kufuatana nacho.

Nyaya zinazokuja nacho zina vichwa vya kuvalisha kwenye pini tu. Nunua siku hiyo hiyo vile vibanio vidogo vya ndoano. Kitu kingine kinachonifurahisha: TANESCO wakikata, kiboksi kinaendelea maadamu laptopu ina chaji.

Pawa saplai sitaieleza sana. Sifa moja tu ndiyo ninayoitafuta, kizuizi cha mkondo. Bodi mpya uliyochomelea mwenyewe unaiwasha ikiwa na ruhusa ya miliampea 100 tu. Kama kuna njia zimegusana, volti inaanguka na hakuna kinachoungua. Za dukani za volti 30 na ampea 5 ni nzuri, lakini meza yangu inaendeshwa na moduli ya XL4015 yenye skrubu mbili, moja ya volti na moja ya mkondo, ikilishwa na chaja ya laptopu ya volti 19. Angalizo ni kwamba moduli nyingi za aina hii hupima mkondo kwenye waya hasi wa kutokea. Ukiunganisha hasi ya kuingilia na hasi ya kutokea, umeshakipita kizuizi chote na hutajua mpaka siku unakihitaji.

Haya, osiloskopu.

SIM800L ndiyo iliyonifikisha huko. Moduli hii inataka volti 3.4 mpaka 4.4, na ikituma inaweza kudai ampea 2. Haidai mfululizo. Inadai kwa maikrosekunde 577, inanyamaza, inarudia kila milisekunde 4.6. Zile kelele za "trrt-trrt" zinazoingia kwenye spika ya redio kabla simu haijaita ndiyo mipigo hiyo hiyo. Sasa weka mita: inakusomea volti 4.0 zimetulia, kwa kuwa inakupa wastani. Moduli inajizima na kuwaka. Analaiza nayo inajua 0 na 1 tu, haiwezi kukwambia 4.0 imekuwa 3.2. Hapa hakuna ujanja mwingine, lazima uone umbo.

Lakini tazama namba zenyewe. Mpigo wa maikrosekunde 577 si jambo la haraka. DSO138, ile osiloskopu ya kujichomelea yenye skrini ya inchi 2.4 ambayo watu wanaicheka, huchukua sampuli milioni 1 kwa sekunde. Ndani ya mpigo mmoja inapata nukta zaidi ya 500. Nimeliona shimo la volti za SIM800L kwenye DSO138 bila shida, nikaweka kapasita ya maikrofaradi 1,000 karibu kabisa na moduli kwa waya mfupi mnene, nikaliona shimo likijaa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema ni mwanasesere wa kutupa. Mwisho wake ni 200 kHz, basi. Mawimbi ya feni, PWM ya kawaida (umeme unaowashwa na kuzimwa haraka), mtikisiko wa chaja mbovu, sauti, vyote vimo. SPI na USB havimo, na asiyekwambia hivyo anakuuzia.

Kundi ninalolikimbia ni zile za mkononi zenye skrini ya kugusa, zilizoandikwa 100 MHz kwa bei ya simu ya kitochi. Wengine waliozifungua na kuzipima wamekuta uwezo wake ni sehemu ndogo ya maandishi ya boksi. Pesa hiyo inanunua mita nzuri na analaiza mbili.

Ukifikia osiloskopu ya kweli, chaguo langu kwa miaka mingi lilikuwa Rigol DS1054Z: njia 4, 50 MHz, sampuli bilioni 1 kwa sekunde. Hiyo bilioni inagawanywa. Ukiwasha njia zote nne kila moja inabaki na milioni 250, na bado ni nyingi kwa kazi zetu. Ni kubwa na feni yake inasikika usiku mtaani kukiwa kimya. Leo anayenunua mpya namwelekeza DHO804 ya Rigol hao hao: 70 MHz, njia 4, biti 12 badala ya 8, ndogo kama kitabu kinene, na inakula umeme kwa USB-C. Biti 12 ndizo zinazonishawishi, kwa kuwa mtikisiko mdogo juu ya volti 3.3 unauona bila kukisia. Ukiagiza nje kumbuka VAT ya asilimia 18 inakungoja kwenye forodha pamoja na nauli. Bei ya kwenye tovuti haitakuwa bei yako.

Kwa sisi tunaogusa umeme wa ukutani kuna jambo la kukariri. Ule waya mfupi wa mamba wa probu (waya wa kupimia) ya osiloskopu umeunganishwa na ethi ya plagi. Ukiubana kwenye laivu umeitia laivu ardhini kupitia mashine ya watu. Analaiza nayo haina utenganisho wowote na laptopu yako. Na zile swichi janja za Wi-Fi za bei ndogo, ndani yake laini ya "graundi" mara nyingi imeshikamana moja kwa moja na umeme wa mtaa. Ukitaka kuziandikia programu zitoe ukutani kabisa, uzilishe volti 3.3 kutoka mezani. Namjua fundi aliyechoma laptopu ya mteja kwa kuchomeka USB ya dakika moja.

Kipima vipuri, kile chenye chipu ya ATmega328 na soketi ya kuminya, ni cha bei ndogo na kinafaa sana kama unaokota transista na kapasita kwenye bodi chakavu. Toa kwanza chaji ya kila kapasita kwa rezista kabla hujaiweka, maana chaji iliyobaki huua chipu yake mara moja.

Ya mwisho ni kwa wanaonunua osiloskopu iliyotumika, maana zinaanza kupatikana Kariakoo. Nenda na probu yako. Mbele ya mashine kuna kijichuma kinachotoa mawimbi ya mraba ya 1 kHz. Bana hapo, pitia njia zote moja baada ya nyingine, kila moja kwenye volti ndogo na kubwa, na uzungushe kila kitufe mpaka mwisho wake uone kama kinaruka namba. Pembe za mraba zikiwa zimelala au zimechomoka, kwanza iweke probu kwenye x10 ugeuze skrubu yake ndogo kabla hujaihukumu mashine. Iache iwake nusu saa huku mnapiga soga, feni isikike. Muuzaji akisema probu zake zimepotea, bei ishuke, kwa sababu probu mbili za maana unaziagiza kwa pesa ambayo tayari ingekununulia lojiki analaiza.